Kioo cha Dirisha la Mama Mshonaji

Katika mji wa Goma, upande wa kaskazini wa ziwa Kivu, kuna nyumba nyingi za mbao zilizojengwa juu ya mawe meusi. Mawe hayo zamani yalikuwa moto. Yalitoka katika mlima Nyiragongo, yakatiririka kama uji, kisha yakapoa. Mlima huo una urefu wa meta 3,470, nao uko karibu kilometa 20 kutoka mjini. Mara nyingi watu wa Goma wakiamka asubuhi huona moshi juu ya kilele chake.

Katika nyumba moja ya namna hiyo anakaa mama mmoja mshonaji. Nyumba yake ina dirisha moja tu la kioo, upande wa barabara. Dirisha lenyewe lina vioo vinne. Chini yake mama ameweka mashini yake ya kushona, kwa maana hapo ndipo mwanga unapoingia. Watu hufikiri kwamba mashini ndiyo chombo cha kwanza cha mshonaji. Sivyo. Chombo cha kwanza ni mwanga. Bila mwanga hawezi kutia uzi katika tundu la sindano, wala kupambanua uzi mweusi na uzi wa buluu. Siku moja mama huyo alishona mfuko wa suruali nyeusi kwa uzi wa buluu. Mwenye suruali alipoitazama nje, juani, alikasirika. Mama akafumua kazi yote, akashona upya bila malipo. Yule mtu hakurudi tena.

Je, dirisha lilikuwa limevunjika? Hapana. Lilikuwa chafu.

Vumbi huja kidogo kidogo. Leo kioo ni kichafu kidogo kuliko jana, kesho kitakuwa kichafu kidogo kuliko leo, na jicho huzoea. Kwa hiyo mama hakusema: «Kioo kimekuwa kichafu.» Alisema: «Macho yangu yamezeeka.» Akaanza kuweka fedha katika kopo, ili anunue miwani.

Binti yake, msichana wa darasa la tano, ndiye aliyegundua jambo. Alifungua dirisha amwite ndugu yake mdogo aliyekuwa akicheza barabarani. Mara mwanga ukaanguka juu ya mashini, kana kwamba mtu ameondoa pazia. Akafunga dirisha: giza likarudi. Akafungua: mwanga.

«Mama, njoo utazame! Si macho yako.»

Basi wakakubaliana kuosha vioo. Lakini kuviosha kwa kitu gani? Mama mzazi wa mshonaji alikaa nao, na watoto humwita Koko. Koko alisema yatosha maji, ndimu na gazeti la zamani, pamoja na majivu ya jikoni. Msichana alicheka. Dukani alikuwa ameona chupa yenye maji ya buluu, nayo imeandikwa kwamba ni ya vioo. Alisema majivu ni uchafu, na uchafu hauwezi kusafisha uchafu.

Nani alisema kweli? Ili kujibu, yafaa kwanza kujua kioo ni kitu gani.

Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi na mawe ya chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwa moto wa digrii 1,700 hivi. Magadi huufanya uyeyuke kwa moto mdogo zaidi, na chokaa hukinga kioo kisiharibiwe na maji. Zamani fundi alipuliza kioo laini kwa bomba refu la chuma, mpaka kikawa kama chupa kubwa. Kisha aliikata miisho yake, akaipasua kwa urefu, akaikunjua motoni iwe bapa. Katika nchi ya Ubelgiji, sehemu za Charleroi, watu wengi waliishi kwa kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mbelgiji mmoja, Émile Fourcault, alivumbua mashini ya kuvuta kioo kutoka tanuru kikiwa bapa tayari. Lakini kioo chake kilikuwa na mawimbi madogo. Ukitazama mti kupitia kioo hicho, mti huonekana kama unacheza. Mwaka 1959 kampani ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia nyingine. Kioo kilichoyeyuka humiminwa juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea kama mafuta juu ya maji, na kupoa kikiwa sawasawa kabisa. Sasa vioo vingi vya madirisha duniani hufanywa hivyo. Na bati lenyewe? Madini yake huchimbwa hata katika Kivu na Maniema.

Kioo ni kigumu. Kucha haiwezi kukikwaruza, wala kijiti, wala kitambaa. Lakini kitu kigumu kama kioo, au kigumu kukipita, chaweza kukitia alama isiyofutika. Mchanga waweza. Na vumbi la Goma laweza, kwa sababu vumbi hilo si udongo laini wa shambani. Ni vipande vidogo sana vya mawe ya volkano, na vingine ni kioo hasa kilichofanywa na moto wa mlima. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vina pembe kali.

Koko alijua jambo hili kwa kulipia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji. Watu walikimbia. Nyumba ya Koko ilipona, lakini waliporudi walikuta vioo vimefunikwa na majivu ya mlima. Koko alichukua kitambaa kikavu akasugua kwa nguvu. Majivu yalitoka, mikwaruzo ikabaki. Hata leo, jua la jioni likipiga vioo viwili vya juu, mistari myembamba yaonekana kama utando wa buibui. Hakuna dawa ya dukani, wala ndimu, itakayoiondoa.

Kwa hiyo Koko aliposema «maji kwanza», hakusema desturi tu. Maji mengi hushusha vumbi bila kulisugua. Kitambaa huja baadaye, kikiwa kimelowa, nacho husuuzwa kila mara. Fundi wa Ulaya mwenye vyombo vyote vipya angefanya vile vile.

Lakini maji gani? Hapa watu wengi wa Goma hukosea bila kujua. Maji ya ziwa Kivu ni mazuri kwa macho, lakini ndani yake mna chumvi nyingi za mawe zilizoyeyuka, karibu gramu 1 katika kila lita. Kioo kikikauka, maji huenda hewani, chumvi hubaki. Ndiyo yale madoa meupe ya mviringo. Jaribuni wenyewe: wekeni tone moja la maji ya ziwa na tone moja la maji ya mvua juu ya kioo kilicho safi. Acheni vikauke juani. Tone la ziwa huacha pete nyeupe. Tone la mvua huacha alama hafifu, au haliachi kitu. Lakini mvua ya mabati isikingwe mwanzoni. Dakika za kwanza huosha vumbi la paa. Tena, siku ambazo moshi wa mlima unaelea juu ya mji, mvua huwa na uchachu na huenda ikala mabati. Kwa kuosha vioo haidhuru.

Hebu turudi kwa majivu, kwa maana msichana aliyacheka.

Wazee wa zamani hawakuwa na madirisha ya kioo. Nyumba zao zilikuwa na mlango, labda na tundu dogo, na moshi ulipita katika majani ya paa. Si kwamba walikosa akili. Tundu kubwa huingiza baridi na mbu, tena mwizi. Hata Ulaya, kwa muda mrefu watu maskini waliziba madirisha kwa karatasi au nguo iliyopakwa mafuta. Warumi walikuwa na vioo vya madirisha karibu miaka 2,000 iliyopita, lakini vilikuwa vya matajiri. Basi mambo ambayo Koko aliyaita «ya zamani» hayakutoka katika kuosha madirisha. Yalitoka jikoni. Kwa majivu mama zake walisugua vyungu na masufuria. Baadaye, taa za petroli zilipofika, walisafisha kwa majivu hayo kile kioo cha taa kilichojaa masizi.

Majivu ya kuni yana chumvi iitwayo potasi. Potasi ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa kama sabuni. Ndiyo sababu watu wa sehemu nyingi za Afrika walipika sabuni kwa maji ya majivu na mafuta ya ngazi. Sasa tazameni kioo cha ndani cha mshonaji. Kina masizi ya taa, mvuke wa mafuta ya kukaangia, na alama za vidole vya watoto. Vyote hivyo vina mafuta. Maji matupu huteleza juu ya mafuta, hayayashiki. Maji ya majivu huyashika. Sabuni hufanya kazi ile ile vizuri zaidi: upande mmoja wa kila chembe yake hupenda maji, upande wa pili hupenda mafuta, nayo huvuta mafuta yaingie katika maji na kwenda zake.

Lakini majivu yana hatari mbili. Ndani yake mna punje ngumu, mchanga na vipande vya makala, navyo hukwaruza. Mwenye kujua hayapaki majivu kwenye kioo. Huyatia katika maji, huyaacha yatulie usiku kucha, na asubuhi huchota maji safi ya juu tu. Tena maji hayo ni makali. Yakiingia machoni yanaunguza. Siku hizi, ambapo kipande cha sabuni hupatikana karibu kila soko, ni heri sabuni. Majivu yabaki kwa masufuria.

Ndimu ni habari nyingine. Ndimu haiwezi kuondoa mafuta vizuri, lakini huondoa madoa meupe ya maji. Uchachu wake, ambao wataalamu huuita asidi, huyeyusha chokaa ambayo maji matupu hayaiwezi. Siki hufanya vile vile. Watu wengi hutia kikombe kimoja cha siki katika vikombe vitatu au vinne vya maji. Ndimu ina kasoro yake: ina sukari kidogo na nyama za tunda, kwa hiyo baada yake kioo kisuuzwe, la sivyo kitanata na kukusanya vumbi upya.

Na gazeti? Karatasi ya gazeti haitoi manyoya kama kitambaa cha pamba kilichochakaa. Tena inanyonya maji. Karatasi ya rangi inayoteleza, kama ya vitabu vya picha, haifai, hainyonyi kitu. Wino wa gazeti huchafua mikono, na ukigusa mbao zilizopakwa rangi nyeupe, mama mwenye nyumba hatafurahi.

Sasa chupa ya buluu. Ndani yake mna nini? Sehemu kubwa ni maji. Kisha mna dawa kidogo kama sabuni, na pombe kali isiyonywewa, ambayo hukauka upesi na kuondoka na maji ili yasiache michirizi. Chupa nyingine zina amonia, yenye harufu inayochoma pua. Nayo hushinda mafuta vizuri. Rangi ya buluu haisafishi chochote. Imetiwa ili kupendeza macho, na ili mtu asiidhanie kuwa maji ya kunywa. Chupa hiyo ni nzuri kwa alama za vidole katika ofisi. Lakini juu ya vumbi jeusi la Goma, mtu akinyunyiza kidogo na kusugua, anafanya kosa lile lile la Koko la mwaka 2002, ila amelipa fedha zaidi.

Mama alikataa kununua chupa ile. Alisema fedha za kopo ni za miwani. Basi Jumamosi Koko alianza upande wa nje kwa ndoo na kitambaa, na msichana akabaki ndani. Hapo lilitokea jambo ambalo nusura liwe msiba.

Msichana alikuwa na siki katika kikombe. Kazi ilimchosha, mafuta ya jikoni hayakutoka kwa siki. Chini ya meza aliona chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, ambayo mama yake alitilia maji ya Javel kwa kufulia nguo nyeupe. Akafikiri: siki husafisha, Javel husafisha, zikichanganywa zitasafisha mara mbili. Akamimina Javel katika siki.

Ikatoka harufu kali. Macho yakajaa machozi. Kifua kikabana kama amefungwa kamba. Alitaka kufuta ile meza kwanza, mama asijue, lakini kikohozi kilimshinda. Koko alimsikia kutoka nje. Hakuuliza neno. Aliingia, akamshika mkono, akamvuta mpaka barabarani, akaacha mlango wazi. Dirisha pia lilikuwa wazi, na hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Kumbe, Javel ikikutana na siki, au na ndimu, hutoa hewa ya sumu iitwayo klorini. Ni hewa ile ile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliifungulia tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ieper katika Ubelgiji, wakati wa vita kuu ya kwanza, na askari wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Katika kikombe cha jikoni hewa hiyo ni kidogo, lakini katika chumba kidogo kilichofungwa hata kidogo yaweza kudhuru mapafu. Javel ikichanganywa na amonia hutoa sumu nyingine, mbaya vile vile. Kwa hiyo hata ile chupa ya buluu isikaribiane nayo. Na jambo la kusikitisha ni hili: Javel haikuwa na kazi juu ya kioo. Jina lake ni la mtaa mmoja wa Paris, ambako dawa hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa kufanya nguo ziwe nyeupe. Huua vijidudu na kuondoa rangi. Masizi na vumbi la mlima haviondoki kwa Javel.

Mtu akivuta hewa ya namna hiyo, atoke nje mara moja kwenye hewa safi. Asirudi ndani kufuta wala kumwaga, mpaka harufu imekwisha. Macho yanayochoma yaoshwe kwa maji mengi. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, apelekwe kwa munganga. Msichana alipelekwa. Munganga alisikiliza kifua chake mbele na nyuma, akamweka hapo mpaka jioni, akamruhusu aende. Alimwambia mama aandike jina juu ya chupa ile, tena aiweke mahali pa juu. Mama aliaibika, kwa sababu mtoto wake mdogo angeweza kuinywa akidhani ni maji. Chupa za namna hiyo ni nyingi katika nyumba za Goma, na si za Goma tu.

Jumamosi iliyofuata walirudi kazini. Safari hii jirani, anayesafisha maofisi mjini, aliwaazima chombo chake: kipangusio chenye mkono wa chuma na ulimi wa mpira. Maofisini hukiita raklete, kwa jina la Kifaransa. Zamani vipangusio vya namna hiyo vilikuwa vizito, vyenye ndimi mbili za mpira na skrubu nyingi. Mwaka 1936 Mwitaliano mmoja aliyehamia Marekani, Ettore Steccone, ambaye mwenyewe alikuwa msafishaji wa madirisha, alivumbua chombo chepesi cha shaba ya njano chenye ulimi mmoja mwembamba. Vipangusio vya leo bado vinafanana na chake. Mpira wa ulimi huo asili yake ni utomvu wa miti. Katika Kongo, wakati wa Leopold II, watu walilazimishwa kutafuta utomvu wa namna hiyo msituni, na wengi walikufa kwa sababu yake. Kisa hicho ni kirefu, chafaa kusomwa mahali pake.

Jirani aliwaonyesha jinsi ya kukitumia. Kioo hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo sana, matone machache katika ndoo. Sabuni nyingi ndiyo huleta michirizi. Ulimi huanza juu, ukivutwa mara moja bila kusimama mpaka chini, kisha hupanguswa kwa kitambaa kabla ya kuvuta mstari wa pili. Kwa nini hauachi alama? Kwa sababu maji machafu yanaondolewa yote pamoja kabla hayajakauka. Kitambaa hueneza uchafu mwingine upande huu na huu. Ulimi huusukuma nje. Ndiyo sababu pia kioo kisioshwe jua likiwa kali. Maji hukauka kabla ulimi haujafika, na chumvi zimekwisha kushika.

Jirani alisimulia pia habari za nyumba ndefu za ghorofa. Huko wasafishaji hufungwa kwa kamba na mishipi, au hukaa chini na kutumia mti mrefu wa bomba unaopitisha maji yaliyoondolewa chumvi zote. Maji hayo hukauka bila doa, hata bila kufutwa. Kazi hiyo imeua watu waliokosa kamba. Lakini mtu hahitaji ghorofa kumi ili aanguke. Anayesimama juu ya kizingiti cha dirisha la ghorofa ya kwanza, mkono mmoja ukishika mbao na mwingine ukisugua, amejiweka mahali pabaya sana. Tangu 2001 kuna hata kioo kinachojisaidia kuosha: kimepakwa utando mwembamba usioonekana, mwanga wa jua huvunja uchafu wake, na mvua huenea sawasawa na kuuchukua. Ni ghali, nacho hungojea mvua. Wakati wa kiangazi huwa kichafu kama vioo vingine.

Dirisha la mshonaji halikuwa la namna hiyo. Lilikuwa na vioo vinne vya kawaida, viwili vyenye mikwaruzo. Upande wa nje Koko alimwaga maji ya mvua mara tatu kabla ya kugusa kitu. Upande wa ndani msichana aliosha kwa sabuni, akasuuza, akapaka siki yenye maji juu ya madoa meupe, akaiacha kidogo, akasuuza tena. Javel ilikuwa juu ya kabati, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Kisha wakavuta ulimi wa mpira. Pembeni, ambako ulimi haufiki, Koko alimalizia kwa gazeti.

Mama aliketi mbele ya mashini, akashika sindano, akatia uzi. Uliingia mara ya pili. Akasema ya kwanza haihesabiwi, kwa kuwa alikuwa akiongea.

Lakini msichana aliona mchirizi mmoja katikati ya kioo cha chini. Akaufuta ndani; haukutoka. Koko akaufuta nje, haukutoka. Wakaanza kubishana kama siku ya kwanza, kila mmoja akisema uko upande wa mwenzake. Ndipo jirani alipowafundisha hila ya wasafishaji. Nje, malizia kwa kufuta kutoka juu kwenda chini. Ndani, malizia kwa kufuta kutoka kushoto kwenda kulia. Mchirizi ukibaki, tazama umelala au umesimama.

Wakafuta upya kwa namna hiyo, kisha wakainama wote watatu kutazama. Mchirizi ulikuwa umesimama.

«Ni wako, Koko,» akasema msichana.

Koko akachukua gazeti lake akatoka nje.